"Net imekata": kabla hujazima ruta, tazama haya

Simu hupigwa kwa maneno yale yale: "Fundi, net imekata." Ukifika unakuta wenyeji wamekwisha kuzima ruta mara tatu, wamechomoa nyaya zote na kuzirudisha kwa kubahatisha, na kijana mmoja ameingiza pini kwenye kile kitundu cha nyuma mpaka mipangilio yote ikafutika. Kazi ya dakika tano imekuwa ya nusu siku.

Sikatai kwamba kuzima na kuwasha husaidia. Husaidia kama panadol: maumivu yanatulia, na dalili zilizokuwa zikuonyeshe ugonjwa zinatoweka nayo. Kesho saa ile ile tatizo linarudi na hakuna anayejua lilianzia wapi. Kwa hiyo sharti langu kwa wateja ni moja. Piga picha ya taa za ruta kwa simu, andika anwani ya IP (namba ya kifaa chako kwenye mtandao) uliyonayo wakati huo, ndipo uzime ukipenda.

Mtandao ni nyumba ya ghorofa. Chini kabisa kuna waya na mawimbi. Juu yake kuna anwani, maana kila kifaa lazima kiwe na namba yake. Kisha inafuata njia ya kutokea nje, kupitia lango ambalo kwa kawaida ndilo ruta. Halafu kuna majina, yaani kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Juu kabisa ndiko iliko huduma yenyewe: barua pepe, tovuti, kamera. Ghorofa ya chini ikibomoka, za juu zote huanguka nayo. Ya juu ikiharibika, za chini hubaki nzima. Ndiyo maana tunapima tukipanda.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all. Kwenye simu gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo. Unatafuta vitu vitatu: anwani yako, anwani ya lango, na anwani ya seva ya DNS, ile inayogeuza majina kuwa namba. Kisha piga ping tatu (amri ya ping hugonga kifaa na kusubiri kijibu) kwa mpangilio huu: kwanza lango (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), pili 8.8.8.8 (seva ya Google, nje ya nyumba yako), tatu jina lolote kama google.com. Lango lisipojibu, tatizo limo ndani ya nyumba yako. Lango likijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma, au mbele zaidi. Namba ikijibu na jina likakataa, hiyo ni DNS. Mike Muuss aliandika ping Desemba 1983, mwaka ule ule ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilipohamia TCP/IP, lugha ambayo intaneti inazungumza hadi leo, na mpaka leo sijapata kifaa cha bei ghali kinachonifaa kuliko hiyo. Ila usiifanye msahafu: seva na faiawoli (walinzi wa mtandao) nyingine hazijibu ping kwa makusudi, kwa hiyo ukimya wa seva moja peke yake si ushahidi.

"Hakuna kitu kabisa, kila kifaa kimekufa"

Anza na umeme, hata kama unaona aibu. Adapta ya ruta ndicho kifaa kinachoonewa kuliko vyote: umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ndiyo inayopigwa ya kwanza. Adapta iliyochoka inaweza kuwasha taa na bado isimudu mzigo, hivyo ruta inawaka, inajizima, inawaka tena. Ukibadilisha, soma maandishi yaliyo chini ya ruta. Volti lazima ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, na mpangilio wa chanya na hasi uwe ule ule. Nimeona ruta ya volti 12 ikipachikwa adapta ya redio ya volti 24 kwa sababu tu pini iliingia. Iliwaka mara moja, ya mwisho.

Umeme ukiwa sawa, tazama waya. Kila tundu la mtandao lina kijitaa chake. Kisipowaka huku na huku, hakuna mawasiliano kwenye ghorofa ya chini, na kubadilisha mipangilio ya kompyuta ni kumpaka dawa mtu asiyeumwa. Badilisha tundu kwanza, kisha waya, kisha upande wa pili. Nyaya huharibika zaidi kwenye vichwa, pale kijichembe cha plastiki kinapokatika na kichwa kuanza kucheza, kisha mahali zinapopita chini ya mlango au mguu wa meza. Panya huja baadaye, ila akija hafanyi kazi nusu.

Ukibana kichwa kipya, mpangilio uliozoeleka huku kwetu ni T568B, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Rangi zile zile pande zote mbili. Atakayekuambia "mradi zifanane huku na huku" amekosea kidogo, na kosa lake hulioni mezani. Nyaya zimesokotwa jozi jozi ili kelele ya umeme ijifute yenyewe. Ukitenganisha jozi, waya mfupi utapita jaribio, waya wa mita 60 utakusumbua kila siku.

Kama una mkongo mpaka ndani, angalia kile kiboksi kinachopokea mwanga. Taa ya PON ikiwa kijani tulivu, mwanga unafika. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, na kwako umebaki ukaguzi mmoja tu: ule uzi mwembamba umepindwa kwa ukali nyuma ya kabati, au kochi limeukalia? Ulegeze, subiri dakika mbili. Ikibaki nyekundu, acha hapo. Usichomoe kichwa cha mkongo kukifuta na shati, wala usichungulie ndani yake. Mwanga ule ni leza isiyoonekana kwa jicho, na jicho halitakuonya kwamba linaumia. Uzi ukiwa umekatika, vipande vyake ni vioo vyembamba vinavyoingia kwenye kidole bila kuonekana. Mwite mtoa huduma.

"Wi-Fi imeshika, lakini inasema hakuna intaneti"

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote. Kushika Wi-Fi maana yake umefika sebuleni tu, si kwamba kuna njia ya kutokea nyuma.

Sababu ya kwanza ni bando au malipo ya mwezi kuisha. Usicheke. Angalia hilo kabla ya kufungua boksi la vifaa, maana kumlipa fundi nauli aje akuambie ununue bando kunauma.

Ya pili, anwani. Soma ipconfig. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta imejipa namba yenyewe baada ya kuita na kukosa wa kumjibu. Ili uelewe kwa nini, jua jinsi DHCP inavyofanya kazi. Ndiyo itifaki inayogawa anwani, na desturi yake haina tofauti na ya nyumbani. Kifaa kikiingia kinapiga hodi kwa nyumba nzima: "Hodi, nani anatoa anwani hapa?" Ruta inajibu: "Karibu, ipo 192.168.1.23." Kifaa kinasema: "Basi nipe hiyo." Ruta inamaliza: "Haya, ni yako kwa saa 24." Maneno manne, basi. Hodi isipoitikiwa, mgeni anakaa barazani na 169.254 yake.

Mbona ruta isiitikie? Mara nyingi waya ni mbovu au Wi-Fi ni dhaifu, hodi inapotelea njiani. Mara nyingine anwani zimekwisha. Ruta ndogo nyingi zimepangiwa kugawa kama 100 hivi, na mgahawa au nyumba ya wageni hupitisha simu kuliko hizo kwa siku. Kila aliyekunywa chai saa 1 asubuhi bado anashikilia namba yake mpaka kesho. Ingia kwenye ruta, punguza muda wa kukaa na anwani uwe saa 1 au 2, ongeza na wigo wa anwani zinazogawiwa. Mtandao wa kawaida wa nyumbani una nafasi ya vifaa 254.

Sababu ya tatu nitaieleza kwa urefu, maana imenila siku nzima zaidi ya mara moja. Ofisi moja ilinipigia: kompyuta nne zinafanya kazi, tatu hazifanyi, na baada ya kuzima na kuwasha, zilizokuwa nzima zinaumwa na zilizokuwa zinaumwa zinapona. Mama wa uhasibu alikuwa amefikia hatua ya kusema kuna mkono wa mtu. Na kweli mkono wa mtu ulikuwepo. Kijana wa stoo alitaka Wi-Fi imfikie, akanunua ruta ya pili, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, akaona taa, akafurahi. Sasa nyumba ina wenyeji wawili wanaoitikia hodi. Anayewahi kujibu ndiye anayempata mgeni. Ruta ya ofisi inawapa 192.168.1.1 kama lango, ambalo lina intaneti. Ruta ya stoo inawapa 192.168.0.1, yaani yenyewe, ambayo haina njia ya kwenda popote.

Kuigundua ni rahisi ukijua pa kutazama. Chukua kompyuta nzima na mbovu, uzilinganishe mstari wa lango na mstari wa seva ya DHCP. Zikitofautiana, una wagawaji wawili. Ukiwa kwenye kompyuta mbovu, andika anwani ya lango hilo geni kwenye kivinjari. Mara nyingi ukurasa wa ruta utajitaja jina na aina, na utajua utafute boksi la sura gani. Dawa si kuitupa. Ingia ndani yake, zima DHCP, ipe anwani isiyogongana na yeyote kwenye mtandao wa ofisi (kwa mfano 192.168.1.2, nje ya wigo unaogawiwa), na uache waya kwenye tundu lile lile la LAN. Sasa inarusha Wi-Fi tu, kugawa anwani imemwachia mkubwa wake.

"WhatsApp inaingia, tovuti hazifunguki"

Ping ya 8.8.8.8 inajibu, ya jina inakataa: ni DNS. Programu ya ujumbe iliyokwisha kufungua mawasiliano haina haja ya kuuliza jina tena, ndiyo maana inaendelea huku kivinjari kimekwama. Andika nslookup na jina la tovuti. Ikichelewa na kushindwa, jaribu kuweka DNS nyingine kwenye kompyuta moja, 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kisha ipconfig /flushdns. Ikipona, weka hivyo kwenye ruta ili wote wapone. Kwenye simu za Android tazama pia mpangilio wa DNS ya faragha: kama kuna mtu aliwahi kuandika humo jina la seva ya kuzuia matangazo na seva hiyo imekufa, simu hiyo moja haitafungua kitu wakati wenzake wanatamba.

Onyo: kama kompyuta za ofisi zinaingia kwa akaunti za seva ya ndani, usiguse DNS zao. Seva ya ndani ndiyo inayojua majina ya mafaili na printa zenu, 8.8.8.8 haizijui. Utafungua YouTube na utafunga ofisi. Hapo mwite anayesimamia seva.

DNS ikiwa nzima, tazama saa. Kompyuta ya mtumba iliyoishiwa betri ya ndani, ile ya mviringo aina ya CR2032, kila ikizimwa inarudi miaka kadhaa nyuma. Tovuti za https hukagua tarehe ya vyeti. Kwa kompyuta inayodhani tuko miaka kumi iliyopita, kila cheti bado hakijazaliwa, na onyo la usalama linajaa kila mahali. Rekebisha tarehe, badilisha betri.

Ya mwisho kwenye kundi hili ni nadra lakini ina sura yake: kurasa ndogo zinafunguka, utafutaji unafanya kazi, ila tovuti fulani inapakia nusu na kuganda, na kutuma barua yenye kiambatisho kunashindwa. Pakiti ya kawaida, yaani kifurushi cha data kinachosafiri, ina baiti 1500. Laini za PPPoE (zile ambazo ruta huingia kwa jina na nywila ya mtoa huduma) hukata 8 za kubandika lebo yake, zinabaki 1492. Kifaa cha njiani kikipokea pakiti kubwa kuliko mlango wake kinapaswa kurudisha taarifa kwamba haipiti. Kama kuna faiawoli inayozuia taarifa hizo, mtumaji hajui, anarudia pakiti ile ile mpaka anachoka. Pima kwa ping -f -l 1464 8.8.8.8 (1464 na baiti 28 za vichwa ni 1492). Ikipita hiyo na ikakataa 1472, ingia kwenye ruta uweke MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 1492.

"Printa ilikuwepo jana"

Fupi hii. Printa ilipewa namba mpya baada ya ruta kuwashwa upya, kompyuta bado zinaigongea mlango wa zamani. Au mtu aliiandikia namba kwa mkono katikati ya wigo wa DHCP, ruta ikampa simu ya mgeni namba hiyo hiyo, sasa wawili wanaitika jina moja. Iwekee printa namba ya kudumu ndani ya ruta kwa kutumia anwani yake ya MAC, ile namba iliyopewa kiwandani. Usiiandikie kwenye printa yenyewe na kusahau.

"Ofisi nzima imeganda na taa za swichi zinawaka zote kwa pamoja"

Ukiona hivi, usihangaike na mtoa huduma. Taa za swichi (lile boksi linalounganisha nyaya za ofisi) kwa kawaida hupepesa kila moja kwa wakati wake, kama watu sokoni. Zikipepesa zote kwa mdundo mmoja bila kupumzika, hata lango halijibu ping au linajibu moja kwa kumi, umepata kitanzi: waya umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi hiyo hiyo, moja kwa moja au kwa kupitia nyingine.

Huzaliwa kwa nia njema. Anayefanya usafi anakuta ncha ya waya inaning'inia, anaona tundu tupu, anaichomeka ili pasiwe na fujo. Au simu ya mezani ya mtandao yenye matundu mawili, moja la ukutani na moja la kompyuta, mtu anachomeka yote mawili ukutani.

Kwa nini waya mmoja uangushe ofisi nzima? Pakiti ya IP hubeba hesabu ya pumzi zake: kila ruta inayopita inapunguza moja, zikiisha inatupwa. Fremu ya Etheneti, inayobeba pakiti hiyo kwenye waya, haina hesabu hiyo. Hodi moja ya DHCP, ambayo lazima ipelekwe kwenye matundu yote, ikiingia kwenye kitanzi inazunguka na kuzaliana mpaka swichi inakosa nafasi ya kitu kingine chochote. Radia Perlman alibuni mwaka 1985 itifaki ya mti, STP, inayotambua kitanzi na kufunga njia moja. Swichi za bei nafuu tunazonunua hazina kitu hicho.

Chomoa waya mmoja mmoja, ukisubiri sekunde kama kumi kila mara. Taa zikitulia ghafla, waya ulioshika mkononi ndio. Fuatilia uone unakwenda wapi kabla ya kuurudisha. Kuzima swichi na kuiwasha hapa hakusaidii hata kidogo. Dhoruba inarudi ndani ya sekunde chache.

"Net ipo, ila ni nzito"

Kwanza, nzito kwa nani na wapi? Pima kwa kompyuta iliyounganishwa na waya moja kwa moja kwenye ruta. Kwa waya ikiwa nyepesi, lawama ni ya Wi-Fi, na huko ndiko ninakokuta sehemu kubwa ya uzito wote.

Mawimbi ya 2.4 GHz hufika mbali lakini uwanja ni finyu: chaneli zisizokanyagana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Kwenye jengo la fremu za maduka, kila duka na ruta yake, wote wako chaneli 6 kwa sababu hakuna aliyegusa. Pakua programu ya kupima Wi-Fi, uone majirani wako wapi, uhame. Vifaa vinavyoweza 5 GHz vipeleke huko. Ni pana zaidi, ila haipendi kuta. Na hapa kwetu mwulize mwenyeji kuta zake ni za nini. Bati ni adui mkubwa wa redio, kontena ndilo baya kabisa, na tangi la maji lililojaa likiwa kati ya ruta na chumba linameza mawimbi vizuri sana. Oveni ya maikrowevu nayo hupiga kelele karibu na 2.4 GHz, kama net inakufa saa 7 mchana tu, nenda jikoni ukatazame.

Kwa waya nayo ikiwa nzito, tafuta anayepakia. Simu moja ikianza kuhifadhi picha 3,000 mtandaoni, inaziba njia ya kwenda juu, na hata anayesoma ukurasa tu anachelewa, kwa sababu kila pakiti anayopokea lazima arudishe risiti kwa njia hiyo hiyo iliyoziba. Dalili yake ni ping inayopanda kutoka milisekunde 20 hadi mamia, na kushuka mara simu ile inapozimwa. Ruta nyingi zinaweza kupimia kila kifaa kiwango chake, weka.

Kisha waya wenyewe. Kasi ya Mbps 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane. Gigabiti inahitaji zote. Mmoja wa ile minne mingine ukikatika, mara nyingi vifaa vinaelewana kimyakimya kwa 100 na hakuna taa nyekundu itakayokuambia. Zidisha na ule waya wa bei poa wa alumini uliopakwa shaba, na urefu uliopita mita 100 ambazo ndizo mwisho wa Etheneti ya shaba. Kwa waya wa ofisi sibembelezi: shaba tupu.

Na hesabu moja inayoleta ugomvi bure. Bando la Mbps 20 si megabaiti 20 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, ni 2.5. Faili la GB 1 litachukua karibu dakika 7 hata mambo yakiwa mazuri kabisa.

Ukimaliza yote na bado, tazama nje. Andika tracert 8.8.8.8, amri inayoonyesha kila hatua ya njia, usome milisekunde kila hatua. Zikianza kupanda kwenye hatua ya kwanza ni wewe. Zikipanda kuanzia ya pili au ya tatu na kubaki juu ni mtoa huduma. Zikiruka mbali zaidi, huenda ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika pamoja, na Tanzania, Kenya na majirani walikaa na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo tovuti iliyohifadhiwa nchini inaweza kufunguka vizuri huku ya Ulaya ikikataa, maana ya nchini haihitaji kuvuka maji. Hakuna ruta utakayoizima ikaponya mkongo.

"Kamera naziona nikiwa dukani, nikitoka sizioni"

Fundi wa kamera amefungua milango (port) kwenye ruta ili kamera zionekane kutoka nje, amerudia mara tatu, haiendi. Ingia kwenye ruta usome anwani yake ya nje. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na mlango ulioufungua ni wa chumbani, wa geti hauko kwako. Chagua moja: omba anwani ya umma, kwa kawaida kwa malipo, au tumia huduma ya wingu ya mtengenezaji wa kamera. Ukipewa anwani ya umma, badilisha nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo. Siyo kesho. Kuna roboti zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu "admin" na "12345" usiku na mchana.

Hapa weka bisibisi chini

Radi imepiga, na kifaa kinanuka kuungua au boksi limevimba: chomoa umeme kwenye soketi kuu, usiguse nyaya za mtandao zinazotoka nje mpaka mawingu yapite. Waya wa shaba kati ya majengo mawili ni mwaliko kwa radi. Fundi akija kurekebisha, mwambie apitishe mkongo sehemu hiyo. Antena iko juu ya paa au nguzo karibu na nyaya za umeme: usipande, hata kama ni "kuigeuza kidogo tu". Swichi inapata joto kiasi cha kushindwa kuishika, au ukigusa kabati la chuma unahisi vijisindano: hiyo ni kazi ya fundi umeme, wa mtandao aje baadaye.

Na ukimpigia mtoa huduma, usiseme "net imekata". Dawati la huduma litakuambia uzime ruta na uiwashe, na mtarudi mwanzo. Tuma kitu kama hiki:

"Habari za kazi. Laini yetu haina intaneti tangu saa 3:40 asubuhi. Umeme upo, PON kijani, LOS imezima, picha naambatisha. Lango 192.168.1.1 linajibu kwa milisekunde 1. 8.8.8.8 haijibu, tracert inaishia hatua ya 2. Tumejaribu kwa waya na kwa Wi-Fi, vifaa vitatu, hali ni ile ile. Ruta bado hatujaizima."